Bukundi na Swali la Kina

Ukishuka kutoka Mwanhuzi kuelekea kusini, nchi ya Meatu inazidi kuwa tambarare na kame mpaka Bukundi, kata ya pembezoni mwa Mkoa wa Simiyu, na hatimaye Mto Sibiti. Ukivuka daraja umeingia Mkalama, Mkoa wa Singida. Sibiti hutoa maji Ziwa Kitangiri na kuyamwaga Ziwa Eyasi, na Kitangiri lenyewe hulishwa na mbuga za Wembere. Msururu huo wa mbuga, ziwa, mto na ziwa jingine la chumvi ndio uso wa bonde ambalo Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, limekuwa likilichunguza kwa jina la Eyasi-Wembere, likigusa mikoa ya Arusha, Singida, Simiyu, Tabora na Shinyanga. Katikati ya miaka ya 2010 ndege ilipita angani ikipima nguvu ya mvutano wa ardhi. Mwaka 2021 vilichorongwa visima vifupi vya utafiti, kuanzia Kining'inila wilayani Igunga, na baadaye ukafuata utafiti wa mitetemo. Tangu hapo vijiweni kuna swali moja: mafuta yapo au hayapo? Nadhani swali hilo limekaa vibaya. Ili mafuta yapatikane lazima mambo kadhaa yatimie kwa zamu, na kwa Eyasi-Wembere mengi ya mambo hayo yana dalili za kuridhisha. Lipo moja ambalo halina, nalo ni kina. Mtu wa Bukundi anayetaka kujua kinachotafutwa chini ya malisho yake aulize tope la kale limezama kilomita ngapi, maana jibu la hilo ndilo litakaloyabeba au kuyaangusha mengine yote.

Kwanza tuondoe picha moja inayopotosha, ile ya ziwa jeusi lililotulia ndani ya pango chini ya ardhi. Pango la namna hiyo halipo. Mafuta hukaa ndani ya jiwe, kwenye vitundu vidogo vilivyo kati ya chembe za mchanga ulioganda, kama maji yanavyokaa ndani ya tofali lililolowa. Wala hayakuzaliwa humo. Yalizaliwa kwenye jiwe jingine, mara nyingi la chini zaidi, ambalo wanajiolojia huliita mwamba mama. Mwamba mama huanza maisha yake kama tope la chini ya maji, na si kila tope linafaa. Mwani unaoelea ziwani hufa na kuzama kila siku, na kwa kawaida bakteria huumaliza kwa msaada wa oksijeni kabla haujafukiwa. Mahali ambapo maji ya chini hayana oksijeni, kazi hiyo hukwama na mabaki hurundikana. Ziwa Tanganyika ni mfano hai: lina kina cha mita 1,470, lakini samaki wake wote huishi kwenye sehemu ya juu tu, kwa kuwa chini ya mita mia moja na kitu maji yake hayachanganyiki na hewa. Huko chini tope jeusi lenye mabaki ya mwani linajipanga, karatasi juu ya karatasi, wakati huu huu tunapozungumza. Linapofukiwa na tope jingine, mabaki hayo hubadilika kuwa kitu kigumu kiitwacho kerojeni, ambacho hakiyeyuki hata ukikiloweka kwenye petroli. Kerojeni bado si mafuta. Tope linaweza kujaa kerojeni na likakaa hivyo miaka milioni 50 bila kutoa hata tone moja.

Kinachokosekana ni joto. Jirani wa Bukundi ng'ambo ya Sibiti ni Singida, mkoa wa alizeti, na kila aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kukamulia anajua kwamba mbegu iliyopashwa moto hutoa mafuta kwa urahisi kuliko mbegu baridi. Mfano huo unatufikisha nusu ya njia tu, maana ndani ya mbegu ya alizeti mafuta yamo tayari, na mashine inayatoa. Ndani ya kerojeni hayamo. Ni joto linalovunja minyororo yake mirefu ya kaboni na kuyaunda. Kazi hiyo huanza kwenye nyuzi joto kama 60 za Selsiasi na kushika kasi kuelekea 100 na zaidi. Joto likipita kama 150, mafuta yenyewe huvunjika na kuwa gesi. Likizidi sana, hata gesi huisha kutengenezwa na hubaki kaboni iliyokufa. Muda nao una sauti yake: tope lililokaa miaka milioni 100 linaweza kuiva kwa joto la wastani, ilhali tope changa linahitaji moto mkali zaidi ili lifike pale pale. Ndiyo maana pwani ya Tanzania, yenye mashapo ya kale yaliyozama sana tangu bahari ilipoanza kufunguka enzi ya Jurasiki, imetupa gesi kwa wingi. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, Mnazi Bay mwaka 1982, na kuanzia mwaka 2010 visima vya bahari kuu vikaongeza hazina hiyo mpaka ikafika futi za ujazo trilioni 57.54 kwa hesabu za serikali. Chungu cha pwani ni kirefu, na kimekaa motoni muda mrefu.

Mafuta yaliyokwisha kuiva ni mepesi kuliko maji yaliyojaa miambani, kwa hiyo hupanda. Hupenya kwenye mchanga na kwenye nyufa, polepole mno, mpaka yakutane na kitu kinachoyazuia. Yasipokutana nacho hufika juu na kupotea. Hilo limetokea mara nyingi kuliko tunavyodhani: kilima cha Wingayongo karibu na Rufiji kina mawe ya mchanga yaliyolowana lami, na Tundaua kisiwani Pemba mafuta huchuruzika yenyewe. Kizuizi kinachofaa ni tope zito lililoganda, lisilopitisha kitu, likiwa limefunika mwamba wa mchanga ulioinuka kama mgongo wa ng'ombe, au ulioegemezwa kwenye mpasuko wa ardhi. Katika mabonde ya ufa mitego ya namna ya pili ni mingi sana. Ardhi inapochanika, vipande vyake hulala upande kama vitabu vilivyoinama rafuni, na ncha ya juu ya kila kipande inaweza kuzibwa na tope la upande wa pili wa mpasuko. Lakini mpasuko ule ule unaoziba leo ulikuwa unavujisha jana, na tetemeko moja linaweza kuufungua tena. Kwa hiyo zamu ni muhimu: mtego uwepo kabla mafuta hayajaanza kupanda. Mtego uliojengeka baada ya safari kupita ni kama ghala lililokamilika baada ya mavuno kuliwa na mchwa.

Sasa turudi Wembere. Je, lilikuwapo ziwa la kutosha, lenye mwani wa kutosha? Hapa ushahidi ni mzuri. Upande wa magharibi wa bonde, kwenye bonde dogo la Manonga, watafiti wa visukuku walichimba na kueleza tabaka za mashapo ya ziwa na kinamasi wanazoziita za Wembere-Manonga, zenye umri wa miaka kati ya milioni 5.5 na 4 hivi. Ndani yake kuna mifupa ya samaki, viboko na tembo wa kale. Kwa maneno mengine, ilipo leo nchi ya vumbi inayosubiri mvua za Novemba palikuwa na maji ya kudumu kwa muda mrefu kuliko binadamu alivyowahi kuishi duniani. Kuhusu mwani, maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa ni miongoni mwa maji yanayozalisha uhai mwingi zaidi kwa kila mita ya mraba. Flamingo wanaokusanyika Natron kwa malaki hawaendi pale kufuata mandhari. Ziwa la chumvi lina faida nyingine: maji mazito ya chumvi hukaa chini na mepesi hukaa juu, hayachanganyiki, na oksijeni haishuki. Kwa hiyo anayesema Eyasi haliwezi kuwa na mwamba mama kwa sababu ni ziwa la magadi amekosea njia. Magadi ni hoja ya kuunga mkono.

Mfano mkubwa kuliko wote duniani wa tope la namna hiyo uko mbali, magharibi mwa Marekani, kwenye majimbo ya Colorado, Utah na Wyoming. Miaka kama milioni 50 iliyopita palikuwa na maziwa makubwa huko, mengine ya magadi, na tope lake limeganda kuwa miamba inayoitwa Green River. Kerojeni iliyomo, kama ingegeuzwa yote kuwa mafuta, ingekadiriwa kuwa zaidi ya mapipa trilioni 4, kiasi kinachoizidi hazina yote ya Saudi Arabia mara nyingi. Pamoja na utajiri huo, sehemu kubwa ya jiwe hilo haijatoa mafuta ya kisima mpaka leo. Limebaki jiwe. Kampuni zimejaribu kwa zaidi ya miaka mia moja kulichimba na kulipika juu ya ardhi, na kila mara hesabu imegoma. Sababu ni kwamba halikuzama vya kutosha. Lakini tabaka zile zile, katika sehemu ya kaskazini ya bonde la Uinta jimboni Utah, zilizama kilomita kadhaa, zikaiva, na visima vyake vimetoa mafuta mengi yenye nta. Tope ni lile lile, mwani ule ule na zama zile zile. Kilichotofautiana ni kina. Sijui jaribio gani lingeweza kupangwa kwa makusudi likaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko hilo ambalo dunia ilijifanyia yenyewe.

Wakazi wa Simiyu wana mfano mwingine karibu nao zaidi, ng'ambo ya Busega. Ziwa Victoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lina mwani wa kutisha, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayechoronga mafuta katikati yake. Limekaa kama maji yaliyomwagwa kwenye sinia. Kina chake hakifiki mita 100, mashapo yaliyo chini yake ni makumi ya mita tu, na miaka kati ya 18,000 na 15,000 iliyopita lilikauka kabisa. Chini ya tope hilo jembamba kuna matale, yale yale yanayojitokeza kama mawe yaliyopangwa na majitu kuanzia Mwanza mpaka Bariadi. Ukubwa wa ziwa hauna uzito hapa. Cha muhimu ni kama sakafu yake inazama. Ziwa dogo ambalo sakafu yake inashuka bila kukoma, tope likijaa na nafasi ikipatikana tena, litajenga kilomita za mashapo. Ziwa kubwa lililolala juu ya ardhi tulivu halitajenga kitu.

Je, sakafu ya Eyasi-Wembere imezama? Kwa sehemu, ndiyo. Ukuta mrefu unaosimama upande wa kaskazini magharibi wa Ziwa Eyasi ni mpasuko wa ardhi ulio wazi machoni, na upande wake wa chini umeshuka. Tabu ni hesabu. Chukua joto la juu ya ardhi kuwa nyuzi 25. Katika nchi nyingi joto huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka, kwa hiyo nyuzi 100 hupatikana karibu na kilomita 3 au pungufu kidogo. Lakini Bukundi imekaa kwenye ukingo wa bamba la kale la Tanzania, ardhi ngumu ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambayo vipimo vimeonyesha kuwa hupitisha joto kidogo kuliko wastani wa dunia. Tukisema joto linaongezeka nyuzi 20 kwa kilomita, nyuzi 100 zinasogea mpaka mita 3,750. Ongeza kwamba mashapo haya ni machanga na hayawezi kutegemea muda. Kama ziwa lilianza kujaa miaka milioni 5 iliyopita, kupata kilomita 3 za mashapo kunahitaji sakafu ishuke milimita 0.6 kila mwaka bila kupumzika, kiasi ambacho ukucha huota ndani ya wiki moja. Si kitu kisichowezekana. Mabonde ya ufa yameshafanya hivyo. Lakini ni lazima kithibitishwe, na hakithibitishwi kwa kutazama ukuta wa Eyasi na kustaajabu.

Hoja ninayoisikia zaidi ya upande wa pili ni ya undugu: Bonde la Ufa ni moja, Uganda imepata, Kenya imepata, kwa nini sisi tusipate? Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo iliyofanya utafiti uanze. Uganda ilijua tangu mwaka 1925, E. J. Wayland alipoandika juu ya michirizi ya mafuta kandokando ya Ziwa Albert, kwamba kuna kitu. Kisima cha Waki kikachimbwa mwaka 1938 bila kuleta biashara, na ikabidi nchi isubiri mpaka mwaka 2006 ndipo visima vya Mputa na Waraga vilipotoa majibu. Kwa miaka mingi hesabu yao imetajwa kuwa mapipa bilioni 6.5 ardhini, na kama bilioni 1.4 kati ya hayo yanaweza kutolewa. Mafuta yenyewe yana nta nyingi kiasi kwamba bomba la kuyaleta Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lazima lipashwe moto njia nzima yasije yakaganda kama samli ya asubuhi. Nta hiyo ni saini ya mwani wa ziwa. Lakini chini ya Ziwa Albert kuna mashapo yenye unene wa kilomita 5 hivi. Kenya vivyo hivyo: kisima cha Ngamia-1 cha mwaka 2012 kilikuta mafuta katika bonde la Lokichar, ambalo lilianza kuzama zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita na kujaza kilomita kadhaa za mashapo, wakati mabonde jirani ya ufa ule ule yalitoa visima visivyoleta biashara. Bonde la Ufa ni jina moja la vyungu vingi, kila kimoja na kimo chake. Ndugu wa tumbo moja hawalingani urefu.

Kuna anayebisha kwa upande wa kukata tamaa, akisema Ziwa Eyasi lenyewe kiangazi mtu analivuka kwa miguu bila kulowa magoti, kina kitoke wapi? Huyu naye hayuko sahihi. Ziwa Albert halifiki mita 60 mahali pake pa kina zaidi, na bado lina kilomita tano za tope chini yake. Maji mafupi yanaweza kumaanisha kwamba tope limekuwa likijaza shimo kwa kasi ile ile linavyozama, na hiyo kwa mtafuta mafuta ni habari njema. Uso wa ziwa hausemi chochote kuhusu sakafu ya bonde, kwa wema wala kwa ubaya.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu linatoka Rukwa. Bonde la Rukwa lina mashapo ya kilomita nyingi, mengi kuliko yale ya Albert, na mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili, Ivuna-1 na Galula-1, vyote vikavu. Kama kina ndicho kinachoamua, Rukwa imefanya nini? Imeonyesha kwamba kina bila tope zuri ni kama jiko lenye moto na sufuria tupu. Nakubali. Visima viwili kwenye bonde refu kama lile havijamaliza swali, lakini vinatosha kukataza mtu kudai kwamba kina peke yake kinaleta mafuta. Dai langu ni jembamba kuliko hilo. Katika kila bonde kuna kiungo kimoja kinachotiliwa shaka zaidi kuliko vingine, na utafiti wenye busara hukiendea hicho kwanza. Rukwa wasiwasi ulikuwa kwenye mwamba mama. Eyasi-Wembere, ambako ziwa la kale lina ushahidi na magadi yanasaidia, wasiwasi uko kwenye unene na joto. Anayeitumia Rukwa kuipinga Eyasi anachanganya magonjwa mawili kwa sababu yote yana homa.

Kuhusu joto lenyewe, mtu anaweza kuuliza: mbona kuna chemchemi za maji moto pembezoni mwa bonde, na Ngorongoro yenye historia ya volkano iko jirani? Chemchemi huonyesha kwamba maji yalishuka sana kwenye mpasuko na kurudi haraka, hivyo hubeba joto la mbali na kulileta mahali padogo. Nyumba ya jirani inayoungua haikupikii ugali. Hata hivyo kuna ukweli upande huo ambao lazima niutaje, maana unapunguza ukali wa hesabu yangu: tope lenyewe ni kizuizi cha joto. Udongo wa mfinyanzi hupitisha joto taratibu kuliko matale, kwa hiyo bonde lililojaa tope hujifunika kama mtu aliyejitanda blanketi, na chini yake joto hupanda haraka kuliko kwenye mwamba mtupu wa jirani. Huenda basi nyuzi 20 kwa kilomita ni ubahili kupita kiasi. Mita 3,750 zinaweza kushuka na kuwa mita 3,000. Haziwi mita 800.

Halafu kuna ushahidi wa macho, ule wa utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji ya dimbwi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua ikituama siku chache, utando huo ni wa kawaida, na mara nyingi ni kazi ya bakteria wanaokula chuma. Kuutofautisha hakuhitaji maabara. Mtu achukue kijiti auchokoe: utando wa chuma hupasuka vipande vyenye kona kona, kama barafu au kioo chembamba, na vipande hivyo hubaki vimetengana. Utando wa mafuta hupinda, hukimbia kijiti, kisha hujirudia na kuziba. Mapovu ya gesi kwenye vinamasi vya Wembere nayo yana maelezo yake. Majani yanayooza hutoa methani bila joto lolote la chini, kwa kazi ya vijidudu. Gesi ya namna hiyo si ya kudharauliwa, maana Rwanda inazalisha umeme kutokana na methani iliyoyeyuka ndani ya Ziwa Kivu, na sehemu kubwa ya methani hiyo imetokana na vijidudu. Lakini haithibitishi kwamba kuna tope lililoiva kilomita tatu chini.

Kwa hiyo kinachotafutwa kinapimwaje? Ndege ya mvutano ilikuwa mwanzo mzuri, kwa kuwa tope ni jepesi kuliko matale, na penye tope nene mvutano hupungua kidogo sana lakini kwa kiasi kinachopimika. Mitetemo huenda mbali zaidi. Ardhi hupigwa kwa chombo maalumu, mwangwi hurudi kutoka kwenye kila tabaka, na sehemu ambako matale yanaanza mwangwi hugonga kwa nguvu. Mstari huo wa chini kabisa kwenye picha ndio sakafu ya chungu. Visima vifupi vya mita mia chache havikuchorongwa kutafuta mafuta, na waliosikitika kwamba havikuyatoa walisikitika bure. Kazi yake ilikuwa kuleta jiwe. Jiwe hilo huja kama mche wa duara, hupangwa kwenye masanduku marefu likiwa limewekwa alama za mita, hupasuliwa, na tabaka zake nyembamba huhesabiwa. Kisha kipande kidogo husagwa na kuwa unga, kiasi kisichojaa hata ncha ya kijiko, pengine chini ya gramu moja ya kumi. Unga huo huingizwa kwenye tanuru inayopanda kutoka nyuzi 300 hadi zaidi ya 600. Kwanza hutoka yale mafuta yaliyokuwamo tayari. Baadaye kerojeni huanza kuvunjika, na mashine huandika ilitoa kiasi gani na ilitoa zaidi kwenye joto lipi. Kile kipimo cha mwisho, kinachoitwa Tmax, ni kama kuliuliza jiwe limeshapikwa kiasi gani kabla ya kuja hapa. Jiwe bichi hufikia kilele chake chini ya nyuzi 435. Lililoanza kuiva hupita hapo.

Wapo wanaosema kwamba kama mashaka ni makubwa hivi, fedha zielekezwe kwenye malambo na majosho ya Meatu. Siwezi kuwalaumu watu wa wilaya kame kwa kufikiri hivyo, lakini hoja hiyo inasahau kwamba gharama na mashaka havibaki palepale. Bomba la mafuta ya Uganda linapita Igunga, Iramba na Mkalama, yaani kwenye mlango wa bonde hili. Akiba ndogo ambayo mahali pengine isingelipa hata barabara yake inaweza kulipa hapa kwa sababu bomba limeshajengewa njia. Tena matale ya kale yana urani na thoriamu, ambazo zinapooza taratibu hutoa heliamu, na heliamu hupanda na kunaswa na kifuniko kile kile kinachonasa mafuta. Dalili za heliamu zinajulikana kwenye chemchemi za pande hizi, na kampuni zimeshaomba leseni. Kwa heliamu, ubaridi wa tope si kikwazo kikubwa hivyo, ila kifuniko bado kinahitajika, na kifuniko nacho ni tope lenye unene wa kutosha, kwa hiyo swali la kina linarudi kwa mlango wa nyuma.

Taarifa ya mitetemo na ya visima ikiletwa mezani, kurasa zake za mbele zitakuwa na picha za wageni waliovaa kofia ngumu na hotuba za matumaini. Zinazofaa kusomwa ziko mwishoni, kwenye majedwali: mstari wa matale umekutwa kwa kina gani chini ya Wembere na kwa kina gani chini ya Eyasi, na safu ya Tmax inapitia wapi nyuzi 435, kama inapita.